Nisipompigia simu, mdogo wangu haamki

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia usiku, mume wangu amelala, maana mchana siwezi kuyasema haya bila kupandwa na hasira. Mimi ni mwanamke wa miaka 32, kifungua mimba katika nyumba ya watoto watatu. Ninayetaka kukueleza habari zake ni kitinda mimba wetu, kijana wa miaka 25, ambaye bado anakaa kwa wazazi. Nasema anakaa kwa sababu kuishi ni neno kubwa.

Alimaliza chuo miaka miwili na nusu iliyopita. Baada ya miezi minne alipata kazi, akaifanya wiki tatu, akaacha. Ukimuuliza anakuambia "haikuwa kazi yangu", basi, mazungumzo yamekwisha. Tangu hapo ni chumbani. Analala alfajiri wenzake wanapoamka, anaamka adhuhuri, halafu ni michezo ya kompyuta hadi usiku wa manane. Mama anampakulia chakula, anakiweka kwenye sinia na kukiacha mlangoni.

Mwaka jana kazini kwetu tulipewa mafunzo ya siku mbili ya ukocha, yaani namna ya kumsaidia mfanyakazi aweke malengo na kuyafikia. Nilirudi nyumbani nimewaka. Nikasema huyu mtoto hajapata mtu wa kumwongoza, sasa amempata. Nikamnunulia daftari, nikachora jedwali la wiki. Kila Jumapili jioni tukawa tunaongea kwa video saa nzima: wiki iliyopita ulifanya nini, wiki ijayo utafanya nini, umekwama wapi. Jumatatu hadi Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nampigia simu aamke. Wasifu wa kazi nilimwandikia mimi, kwa sababu aliouandika yeye ulikuwa na mistari saba tu. Nilimwomba neno la siri la barua pepe yake ili nimsaidie kutuma maombi, na mpaka leo nimetuma 41. Majibu yakija nayajibu mwenyewe, kwa jina lake. Mwisho wa mwezi namtumia fedha kidogo asije akamsumbua baba, ambaye amestaafu.

Miezi miwili ya mwanzo nilijiona mshindi. Alikuwa anaamka, anaitikia "sawa dada", anajaza daftari. Kisha daftari likaanza kuwa na sentensi zilezile kila wiki. Nikaongeza bidii. Nikawa nampigia na saa sita mchana kuangalia kama amefanya tulichokubaliana. Mume wangu akasema, kwa utani ambao haukuwa utani sana, kwamba ameoa mke mmoja akapewa na kijana wa kulea.

Mwezi mmoja uliopita akaitwa kwenye usaili. Sehemu nzuri, kazi ya kuanzia, watu wa heshima. Niliwajibu kwamba atafurahi kufika. Nilimfanyisha mazoezi ya maswali kwa simu siku tatu mfululizo. Siku yenyewe aliamka mwenyewe, akapiga pasi shati, mama akamwombea dua mlangoni. Alirudi saa nane akasema kumekwenda vizuri. Siku mbili baadaye ikaingia barua pepe, nami ndiye niliyeifungua: wanauliza kwa nini hakufika. Nilipombana akakiri kwamba alikaa kwenye benchi la bustani, ng'ambo ya barabara mkabala na jengo lao, tangu asubuhi, akilitazama geti.

Nilimfokea, Shangazi. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Yeye hakupandisha sauti. Alisema, "Dada, ile kazi uliiomba wewe. Ungeenda wewe."

Tangu siku hiyo, yapata wiki tatu sasa, sijampigia. Na kama nilivyotabiri, haamki. Mama ananipigia akilia kwamba nimemtupa mtoto. Baba anasema yeye amechoka, anataka kumpa miezi miwili, kisha atoke, akajifunze huko duniani. Mimi nimefikiria kumchukua nimkalishe kwangu ili nimsimamie vizuri, lakini mume wangu amenyamaza kila ninapoanza kulitaja.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba nguvu anazo, ila anazipeleka kwenye mambo yasiyo na faida. Kuna mtoto wa jirani, yuko shule ya msingi, hesabu zinamshinda. Kila Alhamisi jioni mdogo wangu anakwenda kumfundisha. Ni karibu miezi minane sasa na mama anasema hajakosa hata mara moja, hata siku aliyokuwa na homa. Wazazi wa mtoto walitaka kumlipa, akakataa. Kwa jambo la bure ni hodari. Kwa maisha yake, mvivu.

Nirudi kumsimamia? Nimuunge mkono baba? Au nimlete kwangu? Nifanyeje na mdogo wangu?

Dada mkubwa aliyechoka


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma kama shangazi, nikatamani kumvuta huyo kijana sikio. Mara ya pili niliisoma kama mnasihi. Mara ya tatu nikachukua kalamu nikahesabu vitenzi. Vyako ni vingi: nilinunua, nilichora, niliandika, nilituma, nilijibu, nilipiga. Vya mdogo wako ni kuamka, kuitikia, kujaza daftari, kukaa kwenye benchi. Kuna kimoja zaidi, umekitupa mwishoni kabisa kama malalamiko: anafundisha. Nitakirudia.

Kwa hiyo unauliza mambo matatu: urudi kumsukuma, umwachie baba amsukume nje, au umhamishie msukumo nyumbani kwako. Naona yote matatu yana mtu mmoja anayesukuma na mwingine anayesukumwa, kinachobadilika ni mkono tu. Na chini yake nasikia swali la nne ambalo hukuliandika: kama mwaka mzima wa kujitoa namna hii haukumsaidia, je, nimepoteza nini, na nilikuwa namfanyia nani? Hilo si swali la aibu. Dada wengi na mama wengi hufika hapo.

Kabla sijaenda mbali, kuna jambo moja halisubiri. Kijana anayejifungia, aliyegeuza usiku kuwa mchana, asiyepanga kesho, anaweza kuwa amekwama tu, na anaweza kuwa mgonjwa. Sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, mara nyingi haina machozi. Kwa vijana wa kiume huweza kuvaa sura ya kukasirika ovyo, kukaa kimya au kutojali. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi mtu yuko chini karibu kila siku, vitu alivyovipenda havimvutii, usingizi na hamu ya kula vimebadilika, anajiona hana thamani, hapo kocha hahitajiki, anahitajika daktari au mtaalamu wa afya ya akili. Muulize. Muulize hata lile linaloogopesha, kama amewahi kuona heri asingekuwepo. Watu huhofia kwamba kuuliza kutampandikizia wazo. Utafiti uliofanywa juu ya jambo hili haukuonyesha hivyo, na wengi hupata nafuu kwa kuulizwa. Akijibu ndiyo, acha mengine yote, asiachwe peke yake, apelekwe kupata msaada siku hiyohiyo. Mimi nimesoma barua tu, siwezi kukuambia yuko upande gani. Alhamisi zake zinanipa matumaini, lakini matumaini si kipimo.

Sasa neno mvivu. Naomba uliweke pembeni kwa muda, hata kama baadaye utalirudia. Tazama siku ya usaili. Mvivu angebaki kitandani. Huyu aliamka bila simu yako, akapiga pasi, akapokea dua ya mama yake, akasafiri hadi pale, akakaa saa nyingi akitazama geti. Hiyo ni kazi ngumu sana ya kufanya kwa siku nzima. Watu wanaokaa ng'ambo ya barabara wakitazama geti kwa kawaida wanataka kuingia.

Hofu ina hesabu yake. Ukikwepa kinachokutisha, kifua kinatulia papo hapo, na ule utulivu ndio unaokufundisha kukwepa tena. Kila mara mlango unaonekana mzito zaidi ya jana. Baada ya miaka miwili mtu hahitaji hata kufika mlangoni, anakwepa kwa kulala. Usingizi wa mchana unakuwa mahali pa kujifichia, maana ifikapo adhuhuri saa za kutafuta kazi zimeshapita na hakuna atakayemuuliza.

Na hapa ndipo ninapokutana na zile wiki tatu. Umeziandika kwa sentensi moja ukapita. Alikuwa na kazi, akaenda siku kumi na tano au zaidi, akaacha, na kwa miaka miwili hakuna mtu katika nyumba hiyo anayejua kilichotokea. Huenda alidhalilishwa. Huenda alikosea jambo dogo akaona dunia imemwona. Huenda hakuna lolote, ila aliogopa kila asubuhi na hakuwa na neno la kuliita. Mliendelea kumtafutia kazi ya pili bila kujua ile ya kwanza ilimfanya nini. Je, uliwahi kumuuliza katika saa ambayo hakukuwa na jedwali mezani? Sisemi alikataa kusema kwa sababu yenu. Ninauliza kama swali liliwahi kufika kwake likiwa swali, au lilifika likiwa shitaka.

Tuje kwenye sinia. Mwanasaikolojia Eli Lebowitz wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, amefanya kazi miaka mingi na familia zenye watoto wenye wasiwasi mkubwa, na jambo analolitazama ni jinsi nyumba nzima inavyojikunja kufuata hofu ya mmoja wao. Mmoja anajibu simu kwa niaba yake, mwingine anamletea chakula mlangoni, mwingine anadanganya wageni kwamba yuko safari. Kila tendo ni la upendo, na kila tendo linamwambia mtoto bila maneno: na sisi pia tunaamini huwezi. Mwaka 2020 yeye na wenzake walichapisha jaribio kwa watoto 124 wa miaka 7 hadi 14. Kundi moja la watoto walitibiwa wenyewe kwa mazungumzo; kwa kundi la pili walifundishwa wazazi tu, namna ya kuonyesha wanaielewa hofu huku wakipunguza kidogo kidogo yale wanayomfanyia mtoto ili aikwepe. Matokeo yalikaribiana. Hao ni watoto, na mdogo wako ni mtu mzima, kwa hiyo sitakuambia dawa ni ileile. Lakini njia ya namna hiyo imetumiwa pia na wazazi wa vijana waliokwisha kukua na bado wanawategemea, na kiini chake naona kinakuhusu: unaweza kuanza kubadilisha kilicho mikononi mwako bila kusubiri yeye abadilike kwanza.

Mikononi mwako mna nini? Neno la siri.

Ninajua ulilichukua kwa nia njema. Lakini fikiria jinsi inavyokuwa kwa mtu wa miaka 25 kujua kwamba kuna yeye mwingine, mchangamfu, anayeandika barua nzuri na "atafurahi kufika", na kwamba watu wa kule wanamngoja huyo. Yeye, mwenye mistari saba, ndiye aliyepaswa kuingia getini ajifanye huyo mwingine. Ningekaa kwenye benchi hata mimi. Ndiyo maana maneno yake, "ungeenda wewe", yalikuuma hivyo. Yalikuwa na ujeuri, sikatai. Yalikuwa pia sentensi ya kwanza ya ukweli aliyokupa mwaka mzima, na pengine ndiyo hatua ya kwanza ya kujitegemea uliyokuwa ukiiombea, ila imekuja na sura mbaya.

Ile mistari saba unayo bado? Ningependa kujua ilisema nini.

Kuhusu mazungumzo yenu ya Jumapili. Mwaka 1983 mwanasaikolojia William Miller aliandika juu ya namna ya kuzungumza na watu wenye tatizo la pombe, na mafundisho yaliyokua kutoka hapo yanatumika leo kwa mambo mengi. Aliona kwamba mtu aliyekwama mara nyingi ana sauti mbili ndani yake, moja inataka kubadilika na nyingine inaogopa. Mshauri akishika ile ya kubadilika na kuitetea kwa nguvu, mwenye tatizo anabaki na ile nyingine, naye anaitetea. Wewe kila Jumapili ulikuwa wakili wa maisha yake. Kwa hiyo kazi iliyobaki kwake ilikuwa kupinga, na kwa kuwa anakuheshimu, alipinga kwa kuitikia. "Sawa dada" ni upinzani wenye adabu. Daftari lenye sentensi zilezile, vilevile.

Ukocha uliofundishwa kazini kwenu sio mbaya. Lakini ulitengenezwa kwa mfanyakazi ambaye tayari ana kazi, ana lengo, na amekubali kufundishwa. Mdogo wako je, aliwahi kukuomba? Uliponunua daftari, nani alichagua malengo? Wanaofanya shughuli hii vizuri na vijana waliokwama huanza kwa kutia umbali kidogo: hawazungumzii kazi kabisa mwanzoni, wanatafuta jambo moja ambalo kijana mwenyewe analitaka lisogee, hata liwe dogo la kuchekesha, na wanamwachia alifanye vibaya. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu. Kumwona mtu unayempenda akituma wasifu wa mistari saba ukakaa kimya, ukameza, ni kazi kuliko kuandika maombi 41.

Mafundi wanapojenga ukuta hufunga kiunzi cha miti, wasimame juu yake. Mwaka 1976 wanasaikolojia Wood, Bruner na Ross waliitumia picha hiyohiyo kueleza msaada wa mwalimu, baada ya kuwatazama watoto wa miaka 3 hadi 5 wakisaidiwa kuunda piramidi ya vipande vya mbao. Msaada mzuri ulisogea karibu mtoto alipokwama na kurudi nyuma alipoweza. Wako ulikuwa unasogea mbele tu. Alipolegea uliongeza simu ya saa sita. Umemtafunia mpaka akasahau ana meno, na sasa unashangaa hatafuni.

Lakini usije ukaondoa kiunzi chote usiku mmoja ukakiita ukocha mpya. Umefanya karibu hivyo wiki tatu hizi, na ukimya uliokuja baada ya ugomvi yeye hausomi kama imani. Anausoma kama adhabu. Simu uliyoacha kupiga kwa hasira na simu uliyoacha kupiga kwa makubaliano zinasikika tofauti kabisa upande wa pili, hata kama zote hazilii.

Mpango wa baba siudharau. Kuna vijana waliosimama kwa sababu waliambiwa tarehe. Ana haki pia, ile nyumba ni yake na uzee ni wake. Hatari naziona mbili. Ya kwanza, kama kweli ni sonona au hofu kubwa, kumtoa nje kutamwongezea kile kilichomshinda na kumwondolea watu wa kumwona. Ya pili ni ya kawaida zaidi: tarehe inafika, mama analia, baba analegea, na kijana amejifunza kwamba maneno ya watu wazima hayana uzito. Ikiwa atatoa masharti, afadhali yawe madogo anayoweza kuyasimamia hadi mwisho. Chakula kinaliwa mezani, kwa mfano. Sinia halipandi tena. Anayetaka kula anakuja, akichelewa anapasha mwenyewe. Baba na mama wakubaliane kwanza wao wawili, wamwambie kwa upole siku ya kawaida, wala si katikati ya ugomvi, na wajiandae kwamba siku chache za mwanzo atavimba. Mama ndiye atakayeteseka zaidi. Huenda kazi yako ya ukocha kwa mwezi huu ni kwake yeye.

Kumleta kwako? Wakati mwingine kubadilisha mahali kunavunja mazoea, na chumba kile sasa kimejaa miaka miwili. Lakini kuna watu watatu katika uamuzi huo na mmoja amenyamaza. Ukimya wa mume wako ni jibu, ila bado hujamuuliza swali. Tena jiulize atakuja kama nani: mgeni, mpangaji, au mradi? Akija kama mradi utampigia mlango badala ya simu. Kama ni mpangaji mwenye muda wa kuondoka uliojulikana, mwenye kazi zake nyumbani, na kama yeye mwenyewe ameomba, hilo linaweza kujadiliwa. Hajaomba.

Fedha za mwisho wa mwezi sitaki kukuamulia. Watu hukata ghafla wakaita ukali, au huendelea wakaita huruma. Kuna njia ya katikati ambayo baadhi ya familia huijaribu, fedha zinabaki lakini zinafuata hatua: nauli ya kwenda mahali, ada ya mafunzo aliyoyachagua. Hatari yake ni kwamba mapenzi yanaanza kunuka mshahara. Wewe ndiye unayemjua.

Na iwapo utatafuta kocha wa kulipwa, fungua macho. Katika nchi nyingi jina hilo halilindwi kisheria, mtu yeyote anaweza kulibandika mlangoni. Muulize amesomea nini, anafanyaje akigundua tatizo ni la kitabibu, na kijana atakuwa na sauti gani katika kuchagua. Anayekuahidi tarehe ya kufanikiwa, mwache aende zake.

Nataka nikuondolee pia mzigo mmoja wa umri. Miaka 25 inakutisha kwa sababu wewe ulipokuwa na miaka hiyo, nadhani, ulikwisha kujilipia kila kitu. Mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alipoandika mwaka 2000 juu ya kile kipindi kati ya ujana na utu uzima, alikitaja kuwa cha miaka 18 hadi 25, na akakieleza kuwa cha kutangatanga na kujaribu. Na kwa takwimu za Umoja wa Ulaya za mwaka 2022, vijana wa huko waliondoka kwa wazazi wakiwa na miaka 26 hivi kwa wastani. Ufini ni 21, Kroatia 33. Hakuna anayesema Wakroatia wote wamekwama. Paa la kulala haliwezi kuwa ndicho kipimo. Mtu anaweza kukaa kwa mama yake na kuendesha maisha yake, na mwingine akapanga nyumba huku dada yake akimjibia barua.

Sasa Alhamisi. Umeiita jambo lisilo na faida, na hapo mwanangu nimekukatalia kwa sauti, peke yangu, chumbani. Miezi minane. Saa maalumu, mtu anayemtegemea, kazi inayohitaji maandalizi na uvumilivu, na hakosi hata akiwa na homa. Hakuna aliyemwamsha. Hakuna jedwali. Kila ulichotaka kukijenga kwa mwaka mzima tayari kipo, kimesimama mlango wa jirani, na hakuna aliyekipiga hata picha. Kwa nini pale anaweza? Labda kwa sababu pale hakuna anayempima. Labda kwa sababu pale yeye ndiye mkubwa, wakati nyumbani ni kitinda mimba. Labda anampenda tu yule mtoto. Ningekuonya usikimbilie kuigeuza Alhamisi kuwa mradi: "Basi uwe mwalimu, nimekutafutia chuo." Ukiigusa hivyo itakufa ndani ya wiki mbili, nayo itakuwa maombi ya 42.

Ungeweza kumuuliza kuhusu mtoto yule. Anaelewa nini sasa ambacho mwanzoni hakukielewa? Alimfundishaje? Usiwe na swali la pili mfukoni. Nadhani atashangaa, atangoja mtego, na usipokuja huenda akasema mambo mengi kuliko Jumapili zote.

Utakapompigia, na natumaini utampigia, jambo la kwanza linaweza kuwa radhi kwa yale maneno ambayo hukuyaandika hapa. La pili, neno la siri: "Libadilishe, usiniambie jipya." Kisha nyamaza uone atafanya nini na ukimya huo. Inawezekana hatafanya lolote kwa mwezi. Inawezekana atakosa barua muhimu, na wewe hutajua, na kutojua kutakuuma kuliko kujua. Muulize pia kama kuna msaada wowote anaoutaka kwako, na uwe tayari kwa jibu la "hakuna", au kwa jibu la ajabu, kama vile mkae mkizungumza upuuzi Jumapili mkicheka, kama zamani kabla hujawa kocha wake. Nashuku amekukosa dada.

Nawe umepata mapumziko ya lazima ya wiki tatu. Niandikie tena uniambie jambo moja, maana hilo barua yako haikugusa: ile saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, siku hizi ambazo humpigii, unaifanyia nini?

Shangazi yako